Maji yakishuka Menengai: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mafuriko ya mitaani Nakuru

Maswali haya nimeyapokea kwenye baraza za chifu, kwenye ploti nilizoitwa kukagua, na mara nyingi barabarani, mtu akiwa amesimama na sepetu mkononi na maji yameshaingia ndani. Mimi ni fundi wa maji na ninaishi upande wa chini wa mji. Majibu nimeyalenga Nakuru. Kisumu nimeigusa pale tu ambapo ushauri wa huku ungemharibia mtu wa kule.

Nakuru iko juu, tena kuna mteremko. Mbona tunafurika kama watu wa Budalang'i?

Budalang'i mto hujaa polepole, kisha maji hutambaa. Kwetu maji hukimbia. Ukingo wa Menengai, mlima wa volkano ulio juu ya mji, uko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nakuru liko takriban mita 500 chini yake, umbali ambao mtu mwenye miguu mizuri anaumaliza asubuhi moja. Mji umekaa katikati, kama kitambaa kilichotandikwa kwenye ngazi. Mvua ikinyesha juu, maji hayana muda wa kufikiri: yanapita Milimani, yanavuka katikati ya mji, yanashukia Bondeni, Kivumbini na Flamingo. Upande wa magharibi yanaelekea Kaptembwa na Rhonda.

Mteremko huo ulikuwapo hata babu zetu walipofika. Kilichobadilika ni ngozi ya ardhi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ploti ya futi hamsini kwa mia ina mita za mraba zipatazo 464. Ikipigwa na mvua ya milimita 30 alasiri moja, hiyo ni karibu lita 14,000, yaani mitungi 700 ya lita 20. Ploti hiyo ikiwa na nyasi na miti, sehemu kubwa ya mitungi hiyo hubaki hapo hapo. Ikiwa imeezekwa mabati na kumwagiwa simiti kutoka ukuta hadi ukuta, karibu mitungi yote hutoka nje ya geti ndani ya dakika chache. Zidisha kwa ploti mia mbili za mtaa mmoja, ndipo utaelewa kwa nini mama anayeuza mboga kule chini anainua meza yake wingu likianza tu kuwa jeusi juu ya mlima.

Hii "miundombinu ya kijani na buluu" ni kitu gani hasa?

Ni jina kubwa la mambo ambayo mengi mnayajua. Kijani ni mimea na udongo vilivyopangwa ili vipokee maji: bustani ya mvua, mtaro wa nyasi, miti ya kando ya barabara, uwanja wa mpira ulioshushwa kidogo ili ukae na maji kwa saa chache. Buluu ni mahali maji yenyewe yanapokaa au kupita: vidimbwi, vijito, maeneo oevu, ziwa. Mitaro ya konkriti, mabomba na kalavati ndiyo miundombinu ya kijivu. Kazi hasa ni kuziunganisha hizo tatu, ili maji yachelewe, yasambae, na yanayobaki yapite kwa adabu.

Wala wazo hili si geni kwetu. Wakulima wa Ukambani wamechimba matuta ya fanya juu kwa miongo mingi, na wataalamu wa udongo duniani wanayaita kwa jina hilo hilo la Kiswahili, "fanya juu". Mkulima huchimba mfereji kufuata usawa wa mlima, udongo hutupwa upande wa juu, na maji husimama badala ya kukimbia. Tunachofanya mjini ni kupeleka akili hiyo kwenye ploti na barabara.

Si kaunti ingejenga tu mitaro mikubwa zaidi tumalizane?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na nalipinga kila mara. Mitaro tunaihitaji. Mahali pengine ni midogo mno, mahali pengine haipo kabisa, na sitamwambia mtu wa Rhonda apande maua wakati njia ya maji haipo. Lakini uliza: mtaro mkubwa unayapeleka maji wapi?

Yanaishia ziwani, na Ziwa Nakuru halina mlango wa kutokea. Mto Njoro, Makalia na Nderit huingia, mitaro ya mji huingia, na hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji huondoka kwa jua tu, na kidogo kupitia ardhini. Tangu 2010 ziwa hili limepanda. Lilikuwa na eneo la kama kilomita za mraba 40, na miaka kumi baadaye likapita 60. Lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama likamezwa na maji, na familia za Mwariki na Barut zikaona mashamba yao yakigeuka ufuo. Sababu ni kadhaa, na kubwa ni miaka ya mvua nyingi na misitu ya Mau iliyokatwa, kiasi kwamba udongo na maji hushuka pamoja. Sidai kwamba mitaro ya mji ndiyo iliyopandisha ziwa. Ninachosema ni kwamba kuyaharakisha maji kuelekea bakuli lisilo na tundu, ambalo tayari limefika mlangoni kwa watu, ni kuhamisha tatizo kutoka Milimani kulipeleka Mwariki.

Tena mtaro haubebi maji peke yake. Hubeba mafuta ya gereji, chupa za plastiki, kinyesi, na udongo. Jaa la Gioto liko mteremkoni juu ya mji, na kila kinachosombwa huko kina njia moja tu. Ziwa lililopewa hadhi ya Ramsar, yaani eneo oevu lenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 1990, la kwanza Kenya, na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011 pamoja na Elementaita na Bogoria, ndilo tumelifanya ndoo ya kudekia. Maji yakipita kwanza kwenye nyasi na kidimbwi, mchanga na taka hubaki mahali ambapo mtu anaweza kuvizoa kwa toroli. Yakipita kwenye konkriti laini, hakuna kinachobaki.

Nimeambiwa maji yakiingia ardhini Nakuru, ardhi hupasuka. Kwa hiyo si hatari kuchimba mashimo ya kunyonya maji?

Aliyekuambia hakukudanganya, na jibu hili lisome mpaka mwisho. Vitabu vingi vya mambo haya vimeandikwa kwa nchi ambazo udongo wake haufanani na wetu. Ukivifuata bila kufikiri unaweza kuangusha ukuta.

Sisi tumejenga juu ya majivu ya volkano. Husemwa kwamba jina Nakuru lilitokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na vumbi lile la Januari linaloingia hadi kwenye sukari ndilo udongo wenyewe. Ni mwepesi, una matundu, hunywa maji upesi, na ukilowa sana hulegea na kusombwa. Chini yake kuna nyufa za kale za Bonde la Ufa zilizojazwa majivu hayo hayo. Maji mengi yakikusanywa mahali pamoja, hushuka kwenye ufa na kuyaosha majivu kutoka chini kwa chini. Juu nyasi zinaonekana salama, chini kuna pango. Siku moja paa la pango huanguka. Mnakumbuka Machi 2018 karibu na Mai Mahiu, shimo refu lilivyoikata barabara ya Narok baada ya mvua kubwa. Hapa mjini nako ardhi imewahi kutitia upande wa Kaptembwa, Rhonda na kwingineko, kwa kawaida msimu wa mvua.

Kwa hiyo kanuni yangu ya Nakuru ni hii: sambaza, usirundike. Bustani kumi pana zenye kina cha kiganja ni bora kuliko shimo moja la futi ishirini. Usielekeze paa zima la gorofa kwenye shimo moja refu. Kaa angalau mita 5 kutoka kwenye msingi wa nyumba, na mbali na shimo la choo. Kama kuna mstari kwenye ploti yako ambapo ardhi hushuka kila mwaka, au ufa unaoendelea ukutani ukifuata mwelekeo ule ule hadi kwa jirani, usipeleke maji hapo kabisa. Hapo tumia tangi, au mtaro uliosakafiwa, uyapitishe maji hadi sehemu salama. Na shimo likifunguka, msilijaze taka. Taka hazizuii kitu, na maji yataendelea kuosha chini yake. Zungusha kamba, watoto wasogezwe, maji yote yanayoelekea pale yageuzwe njia, na afisi ya kaunti ijulishwe kabla ya lori la mawe kuitwa.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama. Miaka mingi iliyopita nilichimba shimo la kunyonya maji mita mbili tu kutoka kwenye ukuta wa mteja, kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo na alinihimiza. Msimu wa pili ukuta ulipasuka kutoka chini hadi kwenye dirisha. Hakuna aliyeumia. Nililifukia, nikamrudishia fedha za kazi, na tangu siku hiyo nikiambiwa "bana hapo kidogo" ninakunja futikamba yangu na kuondoka.

Nitajuaje udongo wangu unanyonya maji kiasi gani?

Chimba shimo la upana na kina cha sentimita 30. Lijaze maji, yaache yaishe. Lijaze tena, simamisha rula, subiri saa moja. Maji yakishuka chini ya sentimita 1 na kitu, udongo ni mzito na bustani ya mvua itakuwa dimbwi. Yakishuka sentimita 2 hadi 10, mahali pamefaa. Na yakipotea yote kwa dakika chache kama yamemwagwa kwenye chujio, usishangilie. Kwa Nakuru hiyo ni dalili ya kuwa na njia chini. Jaribu mita kadhaa pembeni, na ukipata hali hiyo hiyo tafuta mtu wa jiolojia kabla ya kuelekeza maji hapo.

Bustani ya mvua hutengenezwaje?

Chukua mfano wa nyumba ya kawaida yenye paa la mita za mraba 60. Tenga mita za mraba 6 upande wa chini wa kiwanja. Chimba kwa kina cha sentimita 30, changanya udongo ule na mboji iliyoiva, kisha urudishe nusu tu, ili juu libaki bakuli la sentimita 15. Bakuli hilo hushika lita 900, ambayo ni mvua ya milimita 15 juu ya paa lako, yaani mvua nyingi za kawaida za mwaka. Upande wa chini tengeneza tuta na ulishindilie. Kwenye tuta acha mdomo mdogo uliopangwa mawe, maji ya ziada yatokee hapo bila kulikata. Mahali bomba la gata linapoangukia weka mawe pia, la sivyo maji yatachimba shimo lao wenyewe.

Mimea iwe ile inayovumilia kulowa leo na kukauka mwezi mzima. Nyasi ya vetiva ni askari wangu wa tuta, mizizi yake hushuka mita kadhaa chini. Nyasi za Kikuyu zinatosha kwenye kingo. Nepia hufaa kama una ng'ombe au jirani anaye. Ndani ya bakuli, nduma na migomba hufurahi. Mboga zinazoliwa mbichi usipande pale ambapo maji yanatoka barabarani. Mikalatusi na mitini yenye mizizi mikali ikae mbali na mabomba na misingi.

Msimu wa kwanza bustani itaonekana mbaya. Udongo utashuka, mmea mmoja utakufa, jirani atauliza kwa nini umechimba kaburi. Ongeza udongo, panda tena. Msimu wa pili huwa kitu kingine.

Mimi ni mpangaji, na landilodi amemwaga simiti ploti nzima. Nifanye nini?

Kubali kwanza kwamba yeye ana sababu: simiti haina tope, na wapangaji hupenda ploti safi. Kwa hiyo usimwendee na habari za ziwa. Mwendee na habari za ukuta wake. Maji ya paa yanayodondoka kwenye simiti huruka na kuozesha sehemu ya chini ya ukuta, na yanayotoka getini huila barabara mpaka lori la maji likashindwa kuingia. Mwombe mambo mawili: gata na tangi, na kukata ukanda wa nusu mita kandokando ya ua, ujazwe kokoto na kupandwa nyasi. Wapangaji wanane wakienda pamoja na keateka, mazungumzo huwa tofauti na mmoja akienda peke yake mwisho wa mwezi akiwa na deni.

Tangi la maji ya paa linasaidia kupunguza mafuriko?

Tangi tupu linasaidia. Lililojaa halisaidii hata kidogo, kwa sababu mvua ya leo inapita tu juu ya maji ya jana. Watu wengi hawaoni jambo hili. Msimu wa mvua, tumia maji ya tangi kwanza, ya bomba baadaye: fua, dekia, mwagilia, liwe nusu kabla ya alasiri. Na bomba la kumwaga ziada lielekee kwenye bustani ya mvua, lisielekee getini.

Kuna sababu nyingine ya kulipenda tangi hapa Nakuru. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi kupita kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Yale meno ya kahawia ya watoto wetu yanatoka huko, na mifupa pia huumia maji hayo yakinywewa miaka mingi. Mvua haina floraidi ya kutaja. Paa la mita za mraba 60, kwa mvua ya Nakuru ya karibu milimita 950 kwa mwaka, hutoa zaidi ya lita 45,000 hata baada ya kutoa yanayopotea. Acha maji ya dakika za kwanza yamwagike, maana yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Funika tangi, na ya kunywa uyachemshe au uyatibu. Mama mwenye mtoto mchanga ningemwambia aanze na hili kabla ya jambo lingine lolote kwenye ukurasa huu.

Je, bustani na vidimbwi hivi havitaleta mbu?

Mbu huhitaji kama wiki moja ya maji yaliyosimama, kutoka yai hadi kuruka. Bustani iliyochimbwa vizuri hukauka ndani ya siku moja au mbili. Ikibaki na maji siku ya tatu, kuna kasoro: imeziba tope, au udongo haufai. Irekebishe. Mtaro wa konkriti uliozibwa na pampasi na chupa huzalisha mbu wengi zaidi kuliko bustani yoyote niliyowahi kuchimba. Kidimbwi cha kudumu ni jambo lingine. Kiwe na samaki, kingo zake zifyekwe, na kiwekwe uzio kwa ajili ya watoto.

Nikiweka matofali ya kabro badala ya simiti nimetatua?

Inategemea fundi. Kabro nyingi zinazowekwa hapa zimeshindiliwa juu ya vumbi la mawe na kuzibwa mianya kwa mchanga na simiti, kwa hiyo maji hukimbia juu yake karibu sawa na konkriti. Ukitaka zinywe maji, mwambie aache mwanya wa sentimita 1 na kuujaza kokoto ndogo, na chini aweke kokoto safi zisizo na vumbi. Usiziweke pale lori linapogeuzia. Kila mwaka fagia mianya na uongeze kokoto.

Maji ya jikoni na bafuni tunayamwaga mtaroni. Kuna ubaya?

Upo. Mtaro wa mvua haupitii kiwanda cha kusafisha maji taka, unakwenda moja kwa moja ziwani. Maji ya sabuni yapeleke kwenye shina la mgomba. Maji ya choo yasikaribie mtaro kamwe, hata usiku wa mvua ambapo wengine huona ni nafasi ya kufungulia shimo. Asubuhi yake watoto wa kule chini hucheza kwenye maji hayo.

Kisheria, mtaro wa mtaa ni wa nani?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Kwa hiyo mtaro wa mtaani ni wa kaunti, na una haki ya kuudai kwa mwakilishi wadi na kwenye vikao vya bajeti. Mtaro ulio kando ya barabara kuu uko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, na wa baadhi ya barabara za mjini uko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Kabla ya kupanda chochote kwenye hifadhi ya barabara, omba ruhusa kwa maandishi. Miche mingi imeng'olewa na greda kwa sababu tu hakuna aliyeandika barua.

Kando ya mto, kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza kulima au kujenga ndani ya ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na upana wa mto, kipimo kikianzia mahali pa juu kabisa maji yalipowahi kufika. Rudia hayo maneno ya mwisho unaponunua ploti. Usipime kutoka kwenye maji ya Februari. Waulize wazee wa pale maji yalifika wapi mwaka mbaya kuliko yote.

Na ukitaka kujenga bwawa shambani, nenda kwanza kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji upate kibali na mhandisi. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai, katika kaunti yetu hii hii, na watu zaidi ya 40 wakafa usiku, wakiwamo watoto wengi. Maji yaliyozuiwa bila hesabu ni hatari kuliko yaliyoachwa yapite.

Barabara yetu ya maramu inachimbwa na maji kila msimu. Tunaweza kufanya nini sisi wenyewe?

Vunja mbio za maji. Kwenye mtaro wa udongo, kila baada ya mita kumi au chini ya hapo kama mteremko ni mkali, panga kizuizi kidogo cha mawe. Katikati kiwe chini kuliko pembeni, ili maji yapite katikati na yasile kingo. Kimo cha goti kinatosha. Nyuma ya kila kizuizi mchanga utajaa. Uzoeni, maana mafundi wa ujenzi watauchukua kwa furaha. Kingoni pandeni vetiva. Kikundi cha vijana kumi na tano huko juu ya mji kilifanya hivi kwa Jumamosi nne, kwa mawe ya kuokota, na barabara yao ikapita masika bila korongo jipya. Kilichowashinda ni kuzoa mchanga msimu wa pili, kwa hiyo wekeni zamu kabla hamjaanza kuchimba.

Ninaishi Kisumu. Haya yote yananihusu?

Nusu yake. Udongo wa tambarare za Kano na sehemu kubwa ya Nyalenda ni mweusi mzito. Ukikauka hupasuka, ukilowa hufunga kama plastiki. Bustani ya mvua bila bomba la chini la kutolea maji itakuwa bwawa, na kwenu bwawa ni malaria. Maji ya ardhini nayo yako karibu sana na uso, choo cha shimo kinaweza kujaa kutoka chini. Tena ziwa lenyewe hurudi nyuma: Mei 2020 Ziwa Victoria lilivunja rekodi yake ya 1964, na mito midogo kama Auji ikakosa pa kumwaga.

Kwa hiyo kwenu buluu inatangulia kijani. Kinachowaokoa ni mafunjo ya Dunga na vinamasi vingine ambavyo havijafukiwa. Kila lori la maramu linalomwagwa kwenye kinamasi ni maji yaliyonyimwa kitanda, na yatalala kwa mtu. Lindeni njia ya Auji isibanwe, inueni sakafu za nyumba, kusanyeni maji ya paa, pandeni miti ya siala kingoni. Yale niliyosema juu ya nyufa za majivu msiyabebe. Hayawahusu.

Je, haya yakifanyika yote, hatutafurika tena?

Tutafurika, ila mara chache na kwa kina kidogo. Bustani na mitaro ya nyasi humeza mvua za kawaida, na huipunguza makali mvua kubwa. Ile ya kutisha huzipita. Zhengzhou nchini China ni kati ya miji iliyotumia fedha nyingi kujigeuza kuwa kama sponji, na Julai 2021 ilipigwa na zaidi ya milimita 200 kwa saa moja. Watu wengi walikufa.

Na kuna maafa ambayo chanzo chake si bustani kukosekana. Tarehe 29 Aprili 2024, juu ya Mai Mahiu, njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli iliziba, maji yakajikusanya nyuma yake kama bwawa, kisha yakapasuka alfajiri. Zaidi ya watu 50 walikufa. Kalavati lililoziba chini ya tuta refu si uchafu wa kupuuzwa. Mkiliona, pigeni picha na mripoti siku hiyo hiyo, na mfuate mpaka mtu aje.

Mvua ikiwa tayari inanyesha, usiingie mtaroni kuzibua. Maji ya kupita vifundo kidogo, yakiwa na mbio, humwangusha mtu mzima. Ya futi moja huanza kuinua gari dogo. Watoto waliotoka shule wasubiri mahali pa juu hata kama giza linaingia, na mzazi apigiwe simu.

Tuanzie wapi, kama mtaa hauna fedha?

Anza na mwavuli. Mvua ndogo ikinyesha, ile isiyo na hatari, toka na mtu mwingine mmoja mfuate maji kutoka juu ya mtaa hadi yanapovuka kwenda mtaa mwingine. Beba daftari ndani ya mfuko. Chora mahali yanapoungana, mahali yanapoacha mtaro, geti linalotoa mengi kuliko mengine, kalavati linalopumua kwa shida. Nimefanya hivi na mwalimu mmoja na wanafunzi wake wa darasa la saba, na ndani ya saa moja walikuwa wameona kwamba nusu ya maji yaliyokuwa yakiingia jikoni mwa shule yalitoka kwenye paa la jengo moja tu la jirani. Jirani mwenyewe hakujua. Alionyeshwa, akaweka gata.

Andika pia saa: mvua ilianza lini, maji yalifika lini kwenye kalavati la mwisho, yalikauka lini. Hifadhi daftari hilo. Mtakapokuwa mmechimba bustani za kwanza na kupanga mawe, rudini kwenye kalavati lile lile mvua ya kiasi kile kile ikinyesha, mkiwa na saa mkononi.